Sifuri ya Marivel

"Jumapili Ticha anapeleka posa, jamani, kwa hiyo leo msimchokoze. Akili yake yote iko kwa nguruwe wa posa."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Aliyesema ni Bombom, kijana mnene wa zamu ya alfajiri, ambaye hajawahi kukaa na jambo mdomoni akalimeza. Rojun Gumban, huyo Ticha mwenyewe, alijaribu kukunja uso akashindwa. Aliinua macho kutoka kwenye kompyuta, na macho yenyewe, bila kuombwa, yakaenda moja kwa moja kwa msichana aliyekaa karibu na dirisha. Marivel alijifanya anafunga kamba za kiatu, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nguruwe mwenyewe mnene?" mtu aliuliza.

"Amenenepa kuliko mimi," alisema Bombom. "Mama yangu kamwona. Anaimba kwaya moja na Nanay Soring, mama yake Ticha, na Nanay Soring hana habari nyingine siku hizi. Mkwe wangu hivi, mkwe wangu vile. Msichana wa misa ya kila Jumapili, hana makuu, hajaguswa na doa."

"Bombom, nyamaza," alisema Marivel bila kuinua kichwa.

"Nakusifu, Inday!" alisema Bombom, kwa jina ambalo kwao huitwa binti yeyote. "Watu wanasifiwa wanalia?"

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kusikiliza. Wote mle ndani kazi yao ilikuwa kupokea simu za Waaustralia. Waliingia ofisini Iloilo, Ufilipino, kabla jua halijachomoza, wakati huko kwa wateja chai ya asubuhi ilikuwa tayari mezani. Kila Alhamisi, baada ya mapumziko ya kwanza, kompyuta ilichagua simu moja bila kutaja jina la aliyeipokea. Timu nzima iliisikiliza, ikabishana, ikaitolea alama. Rojun alikuwa mkaguzi wa simu, na zamani ndiye aliyewafundisha. Jina la Ticha lilibaki naye.

Kipengele kilicholeta ugomvi kila wiki kilikuwa huruma. Rojun alikuwa na vita yake ya siku nyingi na neno moja la Kiingereza, "relate". Pale Iloilo lilikuwa limeshageuka la mtaani. Mtu akisema kanyeshewa na mvua, rafiki anajibu, "Relate!" Akisema kaachwa na mchumba, kundi zima linaitikia, "Relate!", hata wale ambao hawajawahi kuwa na mchumba wa kuwaacha.

"Kwa wenye lugha yao si hivyo," alikuwa akiwaambia darasani. "Ukimwambia mteja hivyo, umemwambia: hili limenipata na mimi. Kama halijakupata, sema tu kwamba unaweza kuwaza jinsi anavyoumia. Inatosha. Msiba wa mtu si fulana, useme unaujaribu kama utakukaa."

Marivel aliwahi kumwambia kwamba siku ile, aliposema maneno hayo kwa mara ya kwanza, ndipo alipoanza kumpenda.

Rojun alibonyeza. Simu ikaanza, na salamu ya kwanza tu ikatosha. Sauti laini, ya polepole, yenye tabasamu kidogo mwishoni. Hakuna asiyeijua.

"Lo! Ya bibi harusi!" Bombom alipiga meza.

Marivel aliinuka nusu. "Ticha, hiyo isipigwe. Chagua nyingine."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

Kiongozi wa timu, Madam Tintin, alikunja mikono kifuani. Alikuwa mwanamke mwema, ila alipenda utaratibu kupita kiasi. "Hatuchagui. Tena vizuri, leo tuone kama Ticha atampendelea mchumba wake."

Rojun alimtazama Marivel. Aliona hofu machoni mwake, akadhani ni hofu ya kosa dogo la kazini. Akafikiria pia jinsi wenzake watakavyosema akiizima. Akabonyeza tena.

Mteja alikuwa mwanamke kijana. Aliongea kama mtu anayesoma karatasi. Alitaka kurudisha kamera ya kitandani, ile inayounganishwa na intaneti ili mama amwone mtoto akiwa chumba kingine. Marivel alimuuliza kwa adabu kama kamera ina hitilafu.

"Haina hitilafu," alisema yule mwanamke. "Haina wa kumtazama."

Kisha Marivel akasikika akilitamka neno lile, polepole, bila tabasamu. Kwamba hilo limempata na yeye.

"Kweli?" mwanamke aliuliza. Sauti yake sasa haikuwa ya kusoma.

"Kweli, mama."

"Maana watu wote wananiambia hivyo. Hata mtu wa benki."

"Mimi sikuambii kwa sababu ni kazi," sauti ya Marivel ilisema. "Mama, maziwa yatakuja. Usiogope yakija. Usiyakamue sana, yatazidi. Weka majani ya kabichi ya baridi ndani ya sidiria. Na nguo ya mwisho ya mtoto usimruhusu mtu aifue kabla hujawa tayari. Wataharakisha kwa nia njema. Waambie hapana."

Yule mwanamke alilia. Alilia muda mrefu, na Marivel hakumkatiza. Alisikika tu akipumua, yupo. Mwishoni mkataba wa kamera ulisitishwa bila faini, na mwanamke akasema asante kwa jina, "Asante, Marivel," kama anavyoagwa ndugu.

Simu ikakatika. Mtu alikohoa.

"Kabichi?" alisema Bombom, lakini hata yeye alisema kwa sauti ndogo. "Umeyatoa wapi hayo, Inday?"

"Mtandaoni, bila shaka," alisema Madam Tintin. "Ticha? Alama."

Rojun alihisi macho yote juu yake. Alikuwa amesikia mwanamke aliyefiwa akiuliza swali moja tu, kweli?, na msichana anayempenda akijibu kwa uongo. Hivyo ndivyo alivyoelewa. Alijiambia kwamba angekuwa mtu mwingine yeyote asingesita, kwa hiyo hapaswi kusita.

"Upole, alama zote," alisema. "Utaratibu, alama zote. Lakini neno limetumika vibaya, tena pabaya. Marivel hajazaa. Hajafiwa na mtoto. Mteja ameuliza kama ni kweli, akaambiwa kweli. Kumdanganya mteja ni sifuri ya simu nzima. Samahani, Marivel. Nawajibika kusema."

Marivel alisimama. Hakuwa na haraka. Alivua kitambulisho kilichokuwa shingoni, akaikunja kamba yake vizuri kiganjani, kama mtu anayetafutia mikono kazi.

"Usiniandikie sifuri, Ticha," alisema. "Nimelitumia sawasawa."

Mashine ya baridi ilinguruma. Bombom alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakikutoka kitu.

Marivel alitoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake.

*

Rojun alimkuta kwenye ngazi za dharura, pale wafanyakazi wanapokaa kula mikate yao. Mchana ulikuwa mweupe kupita dirishani. Marivel alikaa kwenye kipandio, magoti yameshikana. Rojun alibaki amesimama vipandio viwili chini yake.

"Marivel."

"Nakaribia kurudi kwenye simu."

"Lini?"

"Lini nini?"

"Mtoto."

"Kabla yako. Nilikuwa bado chuoni. Baba yake alikuwa baharia. Alipanda meli kabla tumbo halijaonekana, akatuma picha ya bandari yenye theluji. Basi." Alisema kama mtu aliyekwisha kulisema peke yake mara nyingi. "Alizaliwa mapema. Hakumaliza hata mwezi."

Rojun alishika chuma cha ngazi. Alitaka kumkumbatia, alitaka kukimbia, alitaka dakika ile moja irudi kabla hajabonyeza. Mdomo wake ukachukua kilichokuwa karibu.

"Nakuelewa. Nasikitika sana kwa hali uliyopitia, na ningependa ujue kwamba..."

"Usinihudumie!"

Sauti yake iligonga kuta ikashuka hadi chini.

"Hiyo sauti naijua, Rojun. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ndiyo tunayowatulizia watu ambao modemu zao zimekufa."

"Sijui niseme nini."

"Basi sema hujui."

Lakini swali lililomjia Rojun lilikuwa baya kuliko yote, ingawa hakuliona ubaya wake mpaka lilipokwisha kutoka.

"Nani mwingine anajua?"

Marivel alimtazama kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta wageni wanaishi ndani.

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Sikumaanisha hivyo. Ni mama. Bombom na mama yake, kwaya. Sasa hivi..."

"Nanay Soring keshajua tayari. Bombom ana simu mbili."

"Kwa nini hukuniambia?" Sasa maumivu yalimpanda. "Umemwambia mtu wa Australia, mtu usiyemjua hata sura, kabla yangu mimi!"

"Yeye aliuliza kama ni kweli, akasubiri jibu. Wewe hukuuliza. Ulitoa alama."

"Nilitaka kukuambia," alisema Marivel kwa upole zaidi, na upole ule ndio uliomwuma. "Siku ile tulipokwenda kisiwa cha Guimaras. Nilikuwa nimefungua mdomo. Ukasema, nilichokupendea wewe, Vel, ni kwamba huna mambo ya nyuma. Ukacheka. Ulikuwa na furaha sana. Nikafunga mdomo, nikala embe."

Alisimama, akapangusa sketi. Walikuwa karibu mno, mpaka Rojun aliona kope zake zilivyolowa zikashikana. Alinyoosha mkono. Marivel aliutazama ule mkono kama kitu anachokipenda lakini hana pa kukiweka.

"Jumapili msije," alisema.

"Vel..."

"Sitaki watu waje kwa baba yangu na chakula, halafu msemaji wenu asimame asifu msichana ambaye si mimi."

*

Zamu ilipokwisha Rojun hakwenda kwao Jaro. Alipanda gari la kwenda Molo, kwa kina Marivel. Njiani simu yake iliita mfululizo, na mara moja tu aliipokea.

"Nonoy," ilisema sauti ya mama yake, kavu, ikimwita kwa jina la utotoni. "Niambie ni uongo."

"Si uongo, Nanay."

"Rudi nyumbani."

"Naenda kwao."

"Kwenda kufanya nini? Mimi siendi tena, na mjomba wako hamsemei mtu. Unasikia? Nonoy!"

Nyumba ya kina Marivel ilikuwa na tanuri la biskuti uani. Baba yake, Tatay Edring, mzee mfupi mwenye nyusi zilizojaa unga, alikuwa anatoa trei. Marivel alikuwa mezani anapanga biskuti za duara kwenye makopo. Alimwona Rojun akaendelea kupanga, ila mikono ilipungua kasi.

"Umekuja mapema," alisema Tatay Edring. "Nilivyoambiwa ni Jumapili."

"Ndiyo, Tatay."

"Na msemaji wako yuko wapi? Mama yako? Baba mdogo? Hata jirani hukupata?"

"Nimekuja peke yangu."

Mzee aliiweka trei chini polepole. Kwao mwanaume hajisemei. Kijana anayekuja kuomba mke bila mtu nyuma yake ni sawa na aliyekuja bila suruali.

"Sasa hilo sijaliona tangu nizaliwe," alisema. "Na unaomba nini, mtu peke yako?"

"Sijaja kuomba mke. Nimekuja kuomba radhi. Leo nimemwita mwongo mbele ya watu, kwa jambo ambalo ndilo kweli kuliko yote aliyowahi kusema. Tatay ulijua?"

"Kama nilijua?" Mzee alielekeza kidevu kwenye rafu za ukutani. "Unaona pale chini hakuna ubao? Sanduku lake lilikuwa dogo. Ubao mmoja ulitosha."

Rojun alitazama ile nafasi tupu. Alikuwa amekunywa kahawa mbele ya rafu ile Jumapili nyingi, akisimulia habari za kazini, akisifu biskuti. Alikaa kwenye gunia la unga bila kukaribishwa, akalia, bila kuficha uso.

Marivel aliacha makopo. Hakumkaribia, lakini aliacha makopo.

"Vel, sijui," alisema Rojun. "Sijui ilikuwaje, na sitajifanya najua. Ukitaka kuniambia, nitasikiliza. Usipotaka, nitapanga biskuti."

"Unazivunja," alisema Marivel. Sauti yake ilikuwa nzito. "Ulizivunja mwezi uliopita."

Tatay Edring alipangusa pua kwa kiwiko, na hapo ndipo lango liliposukumwa.

Nanay Soring aliingia na ndara za nyumbani, nywele zimefungwa ovyo, yeye ambaye hata dukani huenda na poda usoni. Rojun aliruka kusimama. Mama yake hakumtazama. Alikwenda hadi mezani, akasimama mbele ya Marivel, akihema.

"Habari za mchana, Nanay," alisema Marivel. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Nimemwambia mwanangu arudi nyumbani, hakurudi. Nimekuja kumchukua. Umenifanya nikusifu mbele ya kwaya nzima."

"Sikukuomba unisifu, Nanay."

"Mdomo unao!"

"Nanay, tafadhali," alisema Rojun.

"Wewe kaa kimya! Nina swali kwake, na sitalala nisipoliuliza." Alimgeukia tena Marivel, akainua kidole. "Huyo mtoto. Alibatizwa? Au mlimzika hivi hivi?"

Rojun alifumba macho. Katika maswali yote aliyoyaogopa, hilo hakuliwaza.

"Alibatizwa," alisema Marivel. "Nesi alisema hakuna muda wa kumwita padri. Nilimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe."

"Ulisema maneno yote?"

"Yote."

"Jina?"

"Mutya."

Ilikuwa mara ya kwanza Rojun kulisikia. Ilimchoma moyoni kwamba alikuwa na mchana mzima wa kuliuliza, na aliyeliuliza ni mama yake, kwa hasira.

"Mutya," alirudia Nanay Soring. "Na mama yake wa ubatizo? Nani alimsimamia?"

"Hakuwa naye. Tulikuwa mimi na yeye na nesi."

"Hakuwa na mama wa ubatizo?"

"Hapana, Nanay."

Nanay Soring alimtazama Tatay Edring kama anayetaka akanushiwe. Mzee alitikisa kichwa.

"Edring! Mtoto wa Kikristo amekwenda kwa Mungu bila hata mtu mmoja wa kumshika mkono? Na wewe unaoka biskuti?" Machozi yalikuwa yanamtiririka, na bado alikuwa anagomba. "Mbwa wa padri ana wasimamizi wawili! Hapana. Hapana, hilo haliwezekani. Mimi bado nina hasira na wewe, Inday, nakwambia kweli, nina hasira na nitakuwa nayo mpaka Pasaka. Lakini hilo haliwezekani."

Alivuta kiti, akakaa kwa kishindo.

"Jumapili hatuji kuposa," alisema. "Jumapili tunakwenda makaburini na padri. Nitamwambia mimi ndiye mama yake wa ubatizo, na akinieleza habari za sheria nitamkumbusha nani anafua vitambaa vya altare. Nguruwe atachinjwa kwa ajili ya Mutya."

Marivel alishika ukingo wa meza. "Nanay, ukifanya hivyo, sisi wawili tutakuwa kumare."

"Najua tutakuwa kumare! Ndugu wa kanisani, hata mwanangu akikuacha, hata ukimwacha wewe. Hilo halikatiki." Alipangusa uso kwa upindo wa gauni. "Ya ukwe tutaona baadaye. Kwanza nipe maji, koo limenikauka."

Tatay Edring ndiye aliyekimbilia maji, akiangusha kopo njiani.

Marivel alikuwa analia sasa, kimya, mdomo umekaza. Alizunguka meza, akaja akasimama karibu na Rojun, mabega yao yakigusana kidogo tu. Alinukia siagi na sukari. Rojun hakuthubutu kugeuka, asije Marivel akaondoka.

"Na wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Jumapili utakuja kama nani?"

"Kama utakavyosema."

Unga ulikuwa umemkaa Marivel kwenye nyusi kama baba yake.

"Njoo kubeba maua," alisema. "Njia ni ndefu kidogo kutoka langoni hadi kwa Mutya. Nitakusimulia alivyokuwa."